Kilwa Aliyoniahidi Thuwaini

Morogoro, 28 Januari 2024

Bibi yangu Tausi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshakunywa chai na umeshagombana na mtu mmoja, maana hapo ndipo najua u mzima. Mimi sijambo. Mvua inanyesha, wanafunzi wanapiga kelele, nyumba inavuja upande wa jikoni, mengine salama. Matone ya macho unatia asubuhi na usiku, au mpaka ukumbuke?

Bibi, nakueleza kitu ambacho daktari wa Tanga alinieleza mimi pembeni, kwa sababu najua ukikisikia kwa mwingine utaninunia. Presha ya macho hairudi nyuma. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia linakwenda polepole. Alisema, "Kama kuna mambo bibi yako anataka kuyaona, msiyaweke sana."

Kwa hiyo nimewaza hivi. Shule zinafunga mwisho wa Mei. Bertha, mwalimu mwenzangu, ameniruhusu gari lake, maana yeye anakwenda kwao kwa basi. Nije nikuchukue hapo Pangani, twende Tongoni na Tanga mjini, turudi tuvuke mto, tupite Saadani mpaka Bagamoyo tukaone ngome na magofu ya Kaole, halafu twende mbele mpaka Kilwa. Kilwa Kisiwani kuna ile ngome kubwa ufukoni wanayoiita Gereza, na kuna Husuni Kubwa, kasri la masultani wa Kilwa. Nawafundisha watoto kila mwaka na sijawahi kulitia machoni. Lilijengwa karne nyingi kabla Waarabu wa Omani hawajafika pwani hii. Nataka tulione wote wawili.

Usiseme hapana kabla hujalala na barua hii siku moja.

Mjukuu wako,
Jumana


Pangani, 6 Februari 2024

Jumana, mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako Brightness kanichapia kwa maandishi makubwa kama bango la uchaguzi, nimeisoma mwenyewe, sikusomewa na mtu. Hii yangu nayo ataipiga picha pale dukani kwake akurushie, na nimemwambia apige picha tu, asisome. Mie mzima kiasi cha kufagia uwanja. Goti linanidai. Matone natia, wala usiniulize kila barua kama askari wa forodha.

Ya daktari umefanya vizuri kuniambia. Nilikuwa najua. Mwenye nyumba ndiye anayejua paa linavuja wapi.

Sasa hiyo safari. Nimesoma nikacheka peke yangu mpaka paka akatoka. Mtu mzima, mwalimu, unataka kumpakia bikizee garini ukamwonyeshe mawe. Pangani mawe hatuna? Boma nalipita nikienda sokoni. Nyumba kongwe za mtaa huu zinaanguka moja moja kila masika, nasi hatuhitaji kuchoma mafuta kwenda kutazama za wenzetu zilizokwisha kuanguka. Nimechoka, Jumana. Nimepika vitumbua vya watu tangu mama yako anatambaa. Kuchoka kwangu si kwa kulala usingizi kukaisha.

Halafu nikafika penye Kilwa. Nikavua miwani, nikaifuta kwa kanga, nikasoma tena. Una hakika kasri lilikuwapo kabla ya Waarabu wa Omani? Umeiona kitabuni au umeambiwa na mtu njiani? Maana babu yako Thuwaini husuni ile alinitambia tangu wiki ya arusi. Mie natoka kisimani, ndoo kichwani, yeye kakaa barazani na kahawa yake: "Tausi, hujui umeolewa na nani wewe. Mababu zangu wamejenga kasri Kilwa, vyumba mia na zaidi, na birika la kuogea linatazama bahari. Nitakupeleka ukaone kwa macho yako." Nitakupeleka, nitakupeleka. Akajipeleka yeye Maskati, kasema anatangulia kututengenezea njia. Mama yako ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Njia hiyo bado anaitengeneza. Ameoa huko, amezaa, ameozesha, njia haijaisha.

Kumbe hata kasri si lao!

Basi nimekubali. Si kwa ajili ya mawe yako. Nataka nifike, nisimame katikati ya hivyo vyumba mia, halafu nimtumie salamu Maskati: Thuwaini, Kilwa nimefika, aliyenileta si wewe, na nyumba si yenu.

Simu usipige. Sikio halinisaidii, nikisema nayo inabidi nipige ukelele, mtaa mzima ukajua nimekula nini.

Ni mimi bibi yako,
Tausi binti Sabiri


Morogoro, 25 Februari 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na mambo mengi, na siku nyingine kalamu inakuwa nzito.

Nimefurahi umekubali. Nimeshamwambia Bertha. Nimeanza kutazama njia na mahali pa kulala, pasipo na ngazi nyingi kwa ajili ya goti lako.

Nina ombi moja tu. Ya Babu Thuwaini tuyaache, Bibi. Safari iwe yako. Tusimpakie garini.

Mjukuu wako,
Jumana


Pangani, 5 Machi 2024

Jumana,

Marahaba. Natumai mzigo ulioandika nao ile barua umeshautua, maana ilikuwa fupi kama risiti. Unaumwa? Umegombana na mtu? Kama ni mwanamume mwambie aje niongee naye. Mie mzima, Ramadhani ndiyo hiyo inapiga hodi, na tambi zimepanda bei kama kawaida yao.

Tuyaache kwa nini? Mume ni wangu, na ulimi ni wangu. Wewe babu yako humjui hata kwa sura. Picha uliyonayo ni ya kijana mwembamba na saa mkononi. Saa yenyewe aliazima. Siku hizi atakuwa kibogoyo, anatafuniwa tende na huyo mkewe wa Maskati, na bado anatamba. Mtu kama yule kinywa ndicho kitakachokufa mwisho.

Nakwambia mambo mara moja, usiniulize tena. Talaka hakunipa, na mie sikumwomba. Walikuja wakubwa hapa, akaja na kaka yangu, Mungu amrehemu: "Tausi, nenda kwa kadhi, ndoa ivunjwe, mwanamume hakulishi hakuvishi." Nikasema siendi. Nikasimame mbele ya wanaume waliovaa kanzu niseme nimetelekezwa? Niandikwe? Mke wa Thuwaini nilikuwa, na mke wa Thuwaini nipo, hapa, mlango ule ule alionitolea mguu. Mwenye haya azione yeye. Ndiyo maana hiyo Kilwa naitaka. Ni kitu kimoja nitakachomshinda.

Wewe na akina Sabiha, watoto wa shemeji yangu wa Maskati, mnaandikiana kwenye simu. Wape salamu zangu hizo wamsomee kabisa, asingoje mpaka nifike. Waambie Tausi anakwenda Kilwa.

Saumu njema, na ule daku usiache, mwili wako si wa kushindia maji.

Bibi yako,
Tausi binti Sabiri


Morogoro, 14 Aprili 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idd imepita lakini mkono wa Idd haupitwi. Umependeza kwenye ile picha aliyonitumia Brightness. Macho je? Niambie kweli. Mimi sijambo, nimekonda kidogo, ni Ramadhani tu.

Safari imekamilika kichwani. Naondoka Morogoro shule zikishafunga, napita Segera na Muheza, nanunua machungwa, nafika kwako jioni. Jumatatu tarehe tatu Juni tunaanza. Tongoni kwanza, asubuhi jua halijawa kali, uone ule msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Tunalala Tanga. Kesho yake tunarudi, tunavuka na kivuko mpaka Bweni ng'ambo ya mto, na kama njia ya Saadani haina tope tunafika Bagamoyo siku hiyo. Bagamoyo tunakaa, unapumzika. Halafu Kilwa. Boti ya kwenda kisiwani wanasema mzee anasaidiwa kupanda, nimeshauliza. Kabla ya Idd el-Haji nakurudisha nyumbani.

Salamu ya Maskati tutaizungumza tukifika, Bibi.

Mjukuu wako,
Jumana


Pangani, 2 Mei 2024

Jumana,

Marahaba, na Idd yako nimeipokea. Mie mzima. Ukitaka kweli ya macho, juzi nilimsalimia mkungu wa ndizi ulioegemezwa mlangoni kwa jirani yangu Nasma. Nikamwambia, "Habari za asubuhi, mbona umesimama nje?" Haukuitika nikaona una kiburi. Nasma kacheka mpaka kashika ukuta. Sasa fanya hesabu yako mwenyewe.

Njia yako nimeisoma. Tanga tusilale, nina binamu pale, tukilala hotelini ataniweka mdomoni mwaka mzima, na tukilala kwake atatupikia. Samaki wake ana mchanga. Bagamoyo siku moja yatosha, ngome ni ngome. Siku unazozipunguza huko ziongeze Kilwa. Kwenye boti wanibebe, sioni haya, mradi wasinishike kiunoni.

Nimeshona dera, rangi ya kitunguu. Fundi kaniambia, "Bi Tausi, unakwenda wapi na maua yote haya?" Nikamwambia nakwenda kwenye kasri, shona. Binti wa Nasma anaolewa wiki ya katikati ya mwezi huu, nimesema nitatia hina na mie, mikono na miguu. Hina sijatia tangu sikumbuki. Udi ninao, ule ulioniletea. Nataka nikipanda gari lako ninuke kama mtu anayekwenda mahali.

Mwili umechoka vile vile, usidhani. Lakini nimegundua kuchoka na hamu vinaweza kulala kitanda kimoja.

Bibi yako,
Tausi binti Sabiri


Pangani, 24 Mei 2024

Jumana,

Salamu leo sina. Nikizipata nitazituma.

Jumanne nilikuwa uani nachagua mchele. Nimevaa lile dera nilizoee, lisije likanikwaza njiani, hina ya arusi bado mbichi kwenye vidole. Mtu akapiga hodi. Nikasema karibu, nikaona kivuli cha mwanamke mnene, sikumjua mpaka alipotoa sauti. Sabiha, mtoto wa shemeji yangu, wa Maskati. Kaja Tanga kwenye arusi, akaona asirudi bila kunifikia. Nikafurahi, Jumana. Nikamkumbatia kwa udi wangu. Akajitoa, akarudi nyuma, akanitazama tangu ushungi mpaka kucha.

"Bi Tausi," anasema, "eda gani hii unakaa namna hii?"

"Eda?" namwambia. "Kafa nani?"

Akakaa pale pale juu ya gunia la mkaa, na baibui lake la Maskati. Akasema, "La ilaha illallah. Hukuambiwa?" Ami yake Thuwaini kafariki mwezi wa pili, Shaabani imeandama siku mbili. Moyo. Wakamzika siku ile ile. "Tulimpigia Jumana kabla ya maziko," anasema. "Alituambia tusihangaike, atakwambia mwenyewe, kwa upole, kwa ajili ya afya yako."

Kwa upole. Upole wako umekuwa mrefu kuliko uhai wa watu.

Nasma alikuwa upande wa pili wa ukuta anaanika nguo. Mdomo wa Nasma unaujua. Kabla ya magharibi mtaa mzima unajua mjane wa Thuwaini kacheza chakacha kwenye arusi.

Nilimwita Maalim Hatibu, akasimama nje ya mlango, mie ndani. Nikamwuliza naanza kuhesabu lini. Akasema eda ya mfiwa inahesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si tangu siku uliyosikia. Miezi minne na siku kumi zimeshakwenda sehemu kubwa, imebaki mpaka Idd el-Haji ipite kidogo. "Uliyoyatenda hukujua," anasema, "Mungu hakuandikii." Nikamwambia, "Maalim, kwa Mungu sina wasiwasi. Nauliza hii iliyokwenda naipata wapi?" Akaniaga, akaenda zake msikitini. Mtu mwema Maalim, jibu akikosa hatungi.

Sasa nisikilize, wewe uliyesoma. Mume yule hakunilisha. Hakunivisha. Mtoto wake kamlea mwingine, na huyo mwingine ni mie. Kitu kimoja alikuwa bado nacho mkononi cha kunipa, nacho ni ujane. Watu waje, wajaze ukumbi, wanishike mkono, waseme, "Pole Bi Tausi, umefiwa na mume." Nivae nguo yangu isiyo na ua, nikae ndani kwa heshima, hata aliyekuwa akinicheka ajue nilikuwa mke wa mtu. Hicho kimoja. Ukakichukua ukakiweka mfukoni, ukaniandikia habari za boti.

Na la pili, hili ndilo halinipi usingizi. Marehemu hasemwi. Mie nimemwita kibogoyo na yuko kaburini. Nimekutuma salamu za kumcheka, na wewe ukazipokea, ukasema tutazizungumza. Ulizisoma hizo barua, Jumana, ukajua ninamsema maiti, ukanyamaza ukanunua machungwa ya kichwani mwako.

Dera nimelikunja. Hina nimeisugua kwa ndimu na majivu mpaka ngozi imetoka, yenyewe haitoki. Safari hakuna. Mjane hasafiri. Mrudishie mwenzako gari lake.

Hii Brightness kaifuata hapa nyumbani, maana sitoki. Kama kaisoma na aisome.

Tausi


Morogoro, 26 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Sina uso wa kuuliza hali, lakini nauliza.

Ni kweli. Sabiha alinipigia tarehe kumi na mbili Februari, nilikuwa darasani nachora ramani. Nikatoka nje. Nikakata simu, nikarudi, nikamalizia ramani. Sikulia. Nilikuwa nafikiria jambo moja tu, nalo ni jicho lako la kulia.

Nilijua ukisikia utakaa eda. Nilijua hutatoka nje ya mlango mpaka Idd el-Haji ipite, na likizo yangu itakuwa imebaki vipande. Desemba ni mbali, na daktari alisema tusiyaweke. Nikajiambia, mtu yule amekula miaka yote ya Bibi. Sitampa na mwezi huu.

Mama alipokufa, Bibi, nilikuwa darasa la tano. Wewe ulimpelekea habari mpaka Maskati, kwa mtu na kwa simu ya posta. Mwanawe mmoja wa Pangani. Hakuja, hakutuma hata neno la pole. Ulikaa mlangoni mpaka arobaini ukitazama njia ya kivuko. Nilikuona. Ndiyo maana alipokufa yeye nikaona habari zake zinaweza kungoja.

Barua ya Machi, ya kibogoyo, nilipoisoma nilitaka kukwambia. Niliandika, nikachana. Kila siku niliyochelewa iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Nilikosa. Sikujua kwamba ninakunyima kitu. Nilidhani ninakulinda na kitu.

Nakuja Pangani shule zikifunga. Si kwa safari. Nakuja kukaa nawe edani.

Mjukuu wako,
Jumana


Morogoro, 8 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimefika salama, gari halikusumbua.

Sijui kama nilikaa kwako au nilipita tu. Ulinifungulia mlango. Ulinipakulia wali na mchuzi wa papa, ukanipa mnofu, ukabaki na mfupa kama siku zote. Ulinitandikia kitanda cha Mama. Lakini kutoka Jumamosi mpaka Jumatatu hukunisemesha isipokuwa kuniambia maji ya moto yako wapi. Wanawake walipokuja kukupa pole ulinitambulisha, "Huyu ni mjukuu wa marehemu," ukaendelea kupokea mikono yao. Nilikaa nao mkekani. Nasma akaniuliza mbele ya wote, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Hukunitetea, na sikutaka unitetee.

Niliona unavyotembea, Bibi. Unashika ukuta hata mchana.

Gari Bertha hajalitaka, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Sikuombi chochote. Nimesema tu lipo.

Kama hutaniandikia tena, mwambie Brightness aniambie matone yakikaribia kuisha, nitume mengine.

Mjukuu wako,
Jumana


Pangani, 18 Juni 2024

Jumana, mjukuu wangu,

Marahaba. Marahaba na zile mbili ulizokuwa ukinidai. Natumai u mzima na umekula Idd yako kwa watu, si peke yako kama kunguru. Mie niliila ndani. Nasma kaleta pilau. Katia viazi vingi kuficha uchache wa nyama, nikala, nikashukuru.

Matone yapo. Macho sitakudanganya, hayapo kama uliyoyaacha. Ninachokitazama nakiona, cha pembeni hakipo. Kama mtu anachungulia tundu la ufunguo. Hii barua naiandika neno moja moja, nikilimaliza nalipoteza.

Nimekaa nikawaza, maana edani hakuna kazi nyingine. Watu wamekuja. Si wengi. Pole yenyewe imelala, kama mkate wa juzi, lakini wameileta. Mzee mmoja wa upande wao Thuwaini kasimama nje ya dirisha akasema, "Shemeji, tumefiwa." Tumefiwa, kasema. Nikaitikia. Nilijua hapo kwamba nililokuwa nalitaka limefika, dogo, limechelewa, lakini limefika, na halikunishibisha kama nilivyodhani.

Nimelia mara moja. Si kwa mapenzi, usianze kutunga. Nilikumbuka alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema uongo. Kikohozi kidogo hivi, cha heshima. Alipokuwa akitaja Kilwa alikohoa sana. Sasa hakuna mtu mwingine duniani anayekijua kikohozi hicho ila mie, na mie nikifa kimekwisha. Nikalia, nikanywa maji.

Ya mama yako uliyoniandikia, najua. Nilikuwepo. Usinikumbushe mlango niliokalia. Lakini nisikie: ubaya wake ulikuwa deni lake kwangu, si rungu la wewe kunitetea nalo bila kuniuliza. Siku nyingine ukitaka kunilinda na kitu, kwanza nionyeshe hicho kitu.

Kilwa nimeifikiri. Nilitaka kufika ili nimtumie salamu. Sasa nikifika nimtumie nani? Nisimame kwenye vyumba mia nimtambie nani? Mwanamume yule hata kwa kufa kanipokonya ushindi. Nikasema basi, nimechoka, nilale hapa hapa mpaka tundu la ufunguo lizibe.

Halafu leo baada ya alfajiri nikakasirika. Nikajiuliza, Tausi, wewe mwenyewe, ukimwondoa Thuwaini na kasri lake, katika umri huu wote umekwenda wapi? Tanga hospitali. Muheza kununua mihogo. Ushongo mazikoni. Nikatafuta mahali pamoja nilipokwenda kwa sababu nilitaka kwenda, sikupaona. Hasira ikanitoa kitandani.

Kesho eda inaisha. Nasma na wenzake watakuja kunikosha, nitavaa nguo mpya, nitatoka mlangoni. Dera lile la maua sivai, nimempa binti wa Nasma. Wewe uje keshokutwa. Uje mapema, na gari liwe na maji ya kutosha, na usinunue machungwa mabichi. Mtu wa kwanza atakayekuuliza barazani tunakwenda wapi, mjibu kwa sauti kwamba bibi yako katoka edani na anatembea.

Tongoni tutasimama. Wale waliolala pale hakuna anayewajua kwa majina, na kaburi la Thuwaini liko ng'ambo, sitalifikia. Nitamsomea Fatiha hapo hapo, waigawane. Wewe utasoma pamoja nami, kwa sauti nikusikie, na utamwomba radhi, babu yako yule, kwa kuwa alizikwa nawe ukamalizia ramani. Mie nitamwomba yangu kimya kimya, si kazi yako.

Halafu tutavuka mto. Siku zako za likizo zimebaki chache, najua, umezila mwenyewe. Nikiona vizuri utanyamaza. Nikiona vibaya utaniambia kilichopo, kilichopo tu, usinipambie. Ukuta uliobomoka useme umebomoka. Nikisema basi, unageuza gari bila kununa.

Sijakusamehe. Nakwambia ujue, usije ukafika hapa ukanikumbatia kwa machozi mbele ya Nasma. Nimejaribu, hasira bado imekaa hapa kifuani kama mwiba wa samaki, ugali hauishushi. Labda barabara itaishusha. Tukifika Bagamoyo nitakwambia kama nataka kuendelea mpaka Kilwa, na kama bado nakusemesha.

Ni mimi bibi yako,
Tausi binti Sabiri,
mjane wa Thuwaini